Kabla ya kuomba bunduki ya kujitolea, soma hii kwanza

 

Wiki iliyopita grupu ya WhatsApp ya kijiji chetu haikulala. Ng'ombe watatu walikuwa wametolewa zizini usiku, nyayo zikafuatwa mpaka kwa mto, zikapotea. Kufika asubuhi kila mtu ana maoni. Mmoja akaandika, "Na sisi tupewe polisi wa akiba kama kule Baringo. Vijana wako." Watu wakamwaga vidole gumba hapo chini kama mvua ya Aprili. Binamu yangu, miaka 23, huchuma majani asubuhi na kupiga boda jioni, akajibu, "Mimi niko tayari. Mniandike wa kwanza."

Nikamsomea gogo ujumbe huo jikoni. Kwetu si mbali na Chepilat, ile senta iko kwa mpaka wa Sotik na Borabu. Ukivuka barabara umetoka Bomet umeingia Nyamira, umetoka kwa Wakipsigis umeingia kwa Wakisii. Gogo akanyamaza, akasukuma kuni ndani ya jiko, kisha akaniuliza swali moja tu: "Hiyo bunduki itakuwa inaangalia upande gani?"

Nilikosa jibu. Ndiyo maana nikaenda kusoma. Hii stori ya polisi wa kujitolea ni ndefu kuliko nilivyodhani, na wengi wetu tunaipigia debe bila kujua ilianzia wapi.

Kwanza, hawa ni watu gani?

Tuelewane kwa jina. Zamani waliitwa KPR, na hilo jina bado liko midomoni mwa watu. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011, kifungu cha 110, inawaita Polisi wa Akiba wa Taifa, NPR. Inasema ni watu wanaoishi Kenya, waliotimiza miaka 18, na waliojitolea wenyewe. Kazi yao ni kusaidia polisi wa kawaida na AP: kulinda maisha na mali, kudumisha amani, kuzuia uhalifu na kushika wahalifu. Juu kabisa yuko Inspekta Jenerali. Huku chini, mtu wanayempigia saluti ni mkuu wa kituo, yule tunamwita OCS.

Vile mtu huingia kazini kwa kawaida ni hivi. Chifu anaitisha baraza. Wazee wanataja majina ya vijana wanaowaamini. Majina yanachujwa na kamati ya usalama ya serikali, kisha yanafika kwa polisi. Anayepita anapata mafunzo mafupi, na kule kwenye wizi wa mifugo anapewa bunduki na risasi za kuhesabiwa, zote zikiandikwa kwa kitabu cha kituo. Halafu anarudi nyumbani. Hakai kambini. Analala kwake, analisha mifugo yake, na ikilia nduru usiku anatoka na bunduki ya serikali.

Hapo ndipo tofauti kubwa iko. Polisi wa kawaida anaweza kutoka Kwale akatumwa Kericho, kesho akahamishwa Garissa. Polisi wa akiba ni mtoto wa hapo. Anajua njia za ng'ombe, anajua nani ana deni na nani ana hasira. Hii ndiyo nguvu yake. Na kama utakavyoona, ndiyo hatari yake pia.

1948: wa kulindwa ni nani?

KPR ilianzishwa mwaka 1948, wakati wa Mwingereza. Sababu iliyotolewa ni kusaidia polisi wa kawaida kudumisha sheria. Sawa. Lakini hebu jiulize, mwaka huo huku kwetu kulikuwa na nini cha kulindwa, na kutoka kwa nani?

Rudi nyuma kidogo. Mwaka 1905 Waingereza walituma jeshi Sotik kuwaadhibu watu wetu kwa sababu ya mifugo iliyochukuliwa kutoka kwa Wamaasai. Watu wengi waliuawa na maelfu ya ng'ombe wakachukuliwa. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, maafisa wa jeshi la Uingereza waliojeruhiwa vitani waligawiwa ardhi Kericho walime kitani. Mpango huo ukaanguka baada ya miaka michache. Katikati ya miaka ya 1920, Brooke Bond na James Finlay wakaingia na chai. Mwaka 1934 serikali ikatunga sheria ya kuhamisha ukoo wa Talai, viongozi wetu wa kiroho, na wakapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, mahali pa mbung'o na malaria. Wengi wao walikaa huko mpaka karibu na uhuru.

Kwa hivyo kufikia 1948, ramani ya nyanda za juu ilikuwa hivi: mashamba makubwa ya wageni katikati, wenyeji pembeni kwenye rizavu, na wafanyakazi kwenye laini za nyumba za kampuni. Polisi walikuwa wachache. Mlowezi alitaka usalama, serikali haikutaka gharama. Jibu likawa ni kumvalisha mlowezi mwenyewe sare. Asubuhi ni mkulima na mwajiri, usiku ni afisa wa KPR. Waafrika na Wahindi pia waliingizwa, lakini amri ilikuwa mikononi mwa wazungu.

Oktoba 1952 hali ya hatari ikatangazwa kwa sababu ya Mau Mau, na KPR ikavimba haraka. Ilikuwa mpaka na ndege zake. Katika Kenya ya kati, mlowezi wa KPR angeweza kumkamata, kumhoji na kumpiga mtu ambaye jana alikuwa kibarua wake. Wanahistoria kama David Anderson na Caroline Elkins wameandika vitabu vizima kuhusu mateso ya miaka ile, na watu wa KPR wako humo ndani. Pamoja nao kulikuwa na walinzi wa nyumbani, Waafrika waliopewa silaha kuwalinda machifu na vijiji dhidi ya ndugu zao. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228 walioteswa wakati huo.

Sisemi kila aliyevaa ile sare alikuwa mnyama. Ninachosema ni kwamba kikosi kilizaliwa na tabia fulani: mtu mwenye maslahi yake kwenye ugomvi anapewa bunduki ya serikali ausuluhishe huo ugomvi. Uhuru ulipokuja 1963, bendera ilibadilika. Kikosi kilibaki.

Kabla ya KPR tulikuwa na nini?

Wengine watasema kujitolea kulinda kijiji ni kitu cha wazungu. Hapana. Wakipsigis tulikuwa na kokwet, yaani baraza la majirani. Wazee wa kokwet walisikiza kesi za mipaka, za mifugo, za mke na mume. Kazi ya kulinda ilikuwa ya vijana waliotoka jandoni, na kila kijana alikuwa na rika lake: Chumo, Sawe, Korongoro na kuendelea. Hakuna aliyelipwa mshahara.

Lakini angalia vile mambo yalishikana. Kijana hakujichagua peke yake. Rika zima lilikuwa kazini, kwa hivyo hakukuwa na mmoja anayetembea na nguvu kuliko wengine. Akikosea, anakutana na wazee wale wale kesho chini ya mti ule ule, na ukoo wake unalipa. Hata zamu yake ilikuwa na mwisho, kwa sababu rika likikua linaondoka, linaingia lingine.

Nisipake rangi. Vijana hao hao walikuwa wanaenda kuiba ng'ombe za majirani, na majirani walikuwa wanakuja kuiba zetu. Mwishoni mwa karne ya 19, huko Mogori, Wakisii walitupiga vibaya sana hadi leo wazee wanahadithia. Kwa hivyo kokwet ilijua kuwadhibiti vijana ndani ya jamii. Nje ya jamii, ng'ambo ya mto, ilikuwa kila mtu na mkuki wake. Kumbuka hiyo, tutairudia.

Bunduki ikawa mshahara

Baada ya uhuru, kazi kubwa ya KPR ilihamia kaskazini: Turkana, Pokot, Samburu, Marsabit, Baringo. Kule kituo cha polisi kinaweza kuwa mwendo wa siku nzima kwa miguu, na wizi wa mifugo haungoji mtu apige ripoti. Serikali ikagawa bunduki, kwanza zile za zamani za Mark 4, baadaye G3 na AK. Mshahara, hakuna. Sare, kama iko. Bima, sahau.

Sasa fikiria kama mtu wa kawaida. Una miaka 30, watoto wanne, umepewa bunduki na kazi ya hatari isiyo na hata shilingi. Utakula nini? Wengi walivumilia, na kuna wengi waliokufa wakilinda vijiji vyao bila jina lao kutajwa popote. Wengine walikodishwa kulinda malori, kampuni na hifadhi za wanyama. Na wengine walitumia ile bunduki kwa wizi ule ule waliotumwa kuuzuia. Huo ndio ukweli ambao wale wa "tupewe NPR" hawauandiki kwa grupu: usipomlipa mtu uliyempa bunduki, bunduki yenyewe itamlipa.

Novemba 2012, katika bonde la Suguta karibu na Baragoi, polisi walitumwa kurudisha ng'ombe walioibwa. Walikuwa pamoja na polisi wa akiba wa hapo. Waliviziwa. Zaidi ya askari 40 waliuawa, na polisi wa akiba wakiwa miongoni mwao. Kifo hakikuangalia nani ana cheo na nani amejitolea tu.

Aprili 2019 serikali ikaamua kuwanyang'anya bunduki polisi wa akiba kaskazini, ikisema wamezitumia vibaya na wanahitaji kuchujwa upya. Vijiji vikalia kwamba vimeachwa uchi. Baadaye ikabidi wengine wapigwe msasa na kurudishiwa silaha. Februari 2023 operesheni kubwa ya jeshi na polisi ikaanza huko Kaskazini mwa Bonde la Ufa, na baada yake vijana wengine wakaandikwa kuwa polisi wa akiba. Leo wanapewa bunduki, kesho wanapokonywa, kesho kutwa wanapewa tena.

Mjini ilikuwaje?

Wengi hawajui kwamba KPR ilikuwa mjini pia. Nairobi ilikuwa na watu wa akiba waliozunguka mitaani, wengine na bastola kiunoni. Mwaka 2004 walivunjwa katika miji, kwa sababu ya tuhuma za ufisadi na kushirikiana na wahalifu. Tangu wakati huo, KPR ikawa ni kitu cha mashambani, hasa maeneo kame yenye polisi wachache.

Hebu tulinganishe na miji ya wenzetu. London ina askari wa kujitolea wanaoitwa special constables, na sheria yao inatoka mwaka 1831. Mchana huyu ni mwalimu au mhasibu, jioni anavaa sare na ana nguvu zote za kukamata. Halipwi mshahara. Lakini bunduki hana, kama vile polisi wengi wa Uingereza hawana. New York nako kuna polisi wasaidizi wa kujitolea. Wanazunguka mtaani na redio, wanatoa ripoti, na bunduki hawapewi. Machi 2007 wawili wao waliuawa kwa risasi Greenwich Village wakimfuata muuaji. Kwa hivyo kujitolea bila silaha si usalama wa bure pia. Mtu bado anaweza kufa.

Tofauti ni kwamba yule wa London ana kazi nyingine inayomlisha. Anajitolea saa, hajitolei tumbo. Huku kwetu tunachukua kijana asiye na kazi kabisa, tunampa bunduki, halafu tunaita hiyo kujitolea. Jamani, huyo hajajitolea. Huyo anatafuta kazi.

Baada ya shambulizi la Westgate, Septemba 2013, serikali ilileta njia nyingine: Nyumba Kumi, wazo lililotoka Tanzania. Hakuna bunduki hapo. Unajua majirani wako kumi, ukiona kitu hakieleweki unamwambia mzee wa Nyumba Kumi, anamwambia chifu. Tunaicheka sana, ati ni ya kufuatilia nani ameleta nani kwa nyumba. Lakini ikifanya kazi vizuri, ni kokwet iliyovaa koti jipya. Ubaya ni kwamba huyo mzee naye hufanya kazi bure, mvua ikinyesha ni yake, simu na kredito ni zake.

Sasa turudi kwetu

Wale wa "tupewe NPR kama Baringo" wanasahau kitu kimoja. Kijiografia, sisi tunaishi kwa mipaka ya watu. Sondu iko kati ya Wakipsigis na Wajaluo. Chepilat iko kati yetu na Wakisii. Londiani na Kipkelion, tunaishi tumechanganyika na Wakikuyu, Wakisii na wengine. Huku mwizi wa ng'ombe akikimbia, huwa anakimbilia "upande ule." Na mtu akisema "upande ule" huku, kila mmoja anajua anamaanisha kabila gani.

Mwaka 1992, uchaguzi wa vyama vingi ukikaribia, nyumba zilichomwa kwenye mipaka hii yote. Gogo anakumbuka kulala ndani ya majani chai na watoto, mama yangu akiwa mmoja wao, huku jirani yetu Mkisii akilala kwa majani hayo hayo mistari michache mbele. Walisikizana wakikohoa usiku kucha, hakuna aliyemwita mwenzake. Tume ya Jaji Akiwumi ilichunguza mapigano ya miaka hiyo, ikakamilisha ripoti mwaka 1999, na wananchi wakaiona 2002. Ripoti hiyo ilionyesha kwamba haya hayakuwa mambo ya bahati mbaya. Wanasiasa walihusika, na maafisa wengi wa serikali waliangalia tu.

Mwanzoni mwa 2008 ikarudi. Chepilat ikachomwa. Vijana wa pande zote mbili walisimama barabarani na mishale na mapanga, kila upande ukisema unalinda nyumbani. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa nchi nzima, na 405 kati yao walikufa kwa risasi, nyingi zikiwa za polisi. Soma hapo tena. Hao ni polisi waliosoma chuo, wanaolipwa, wenye makamanda.

Na mwaka 2023 Sondu ikachafuka, watu wakauawa, maduka yakafungwa, vikosi vikaletwa kutoka nje kutuliza. Mwaka huo huo, mwezi wa Mei, hasira ya kazi ililipuka Kericho na mashine za kuvuna chai zikachomwa mashambani. Fikiria ungekuwa polisi wa akiba siku hiyo. Mashine imemfuta kazi mama yako, umati unaoichoma ni marafiki zako, na OCS anakupigia simu uje ulinde mashine. Utasimama wapi?

Hilo ndilo swali la gogo. Bunduki ya polisi wa akiba hulala nyumbani, kwa kijiji kimoja, cha kabila moja. Siku ya mwizi wa kawaida itaangalia mwizi. Lakini siasa zikichemka, itaangalia ng'ambo ya barabara. Na wale wa ng'ambo wanajua hivyo. Ukiwapa vijana wa upande huu bunduki kumi, upande ule utataka kumi na tano. Wasipopewa na serikali watazitafuta kwingine. Hapo hakuna aliyelindwa.

Na msifikiri ni lazima bunduki iwepo ndiyo mambo yaharibike. Ng'ambo hapo kwa majirani zetu Kisii, Sungusungu walianza kama vijana wa kupambana na wezi, na watu wakawashangilia. Kufikia mwisho, walikuwa wanalaumiwa kwa kutesa na kuua washukiwa bila korti. Upande wetu nao, vijana waliokuwa wanaitwa walinzi wa jamii mwaka 1992 na 2008 ndio hao hao walichoma nyumba. Tusijifanye watakatifu.

Kwa hivyo tufanye nini?

Najua mtu ataandika hapo chini, "Wewe uko mjini unaongea, sisi tunaibiwa." Ni kweli tunaibiwa. Polisi ni wachache na gari la kituo mara nyingi halina mafuta. Mtu akikuambia ukae tu ungoje, anakutukana. Sipingi vijana kusaidia kulinda kijiji. Ninapinga kufanya hivyo vile tumefanya tangu 1948.

Binamu yangu na wengine wote mlioinua mkono, kabla jina lako halijaandikwa kwa baraza ya chifu, uliza mambo manne mbele ya watu wote.

Moja, nitalipwa nini, na nani, na lini? Wakisema "ni kujitolea," uliza kuhusu bima. Ukipigwa risasi, nani anagharamia hospitali? Ukifa, watoto wako wanapata nini? Kama hakuna jibu, hiyo si kazi ya kujitolea, ni kutolewa sadaka.

Mbili, naamriwa na nani? Jibu linafaa kuwa OCS, kupitia sheria. Si mheshimiwa, si kampuni, si tajiri mwenye ng'ombe wengi. Siku mwanasiasa atakupigia simu saa tano usiku akuambie "vijana wako wajipange," ujue umeshatoka kwa sheria na umerudi 1992.

Tatu, nikikosea, nani ananishtaki? Ukiwa kwenye zamu, unahesabiwa kama polisi, na nidhamu ya polisi inakuhusu. Kuna IPOA, mamlaka huru ya kuchunguza makosa ya polisi, iliyoundwa mwaka 2011. Kijiji kizima kinafaa kujua namna ya kupeleka malalamishi, na si kijiji chako peke yake. Wa ng'ambo ya barabara pia.

Nne, na hii ndiyo kubwa kwetu: walio ng'ambo wamekubali? Kwa mipaka kama Chepilat na Sondu, doria yoyote ya vijana inafaa kuwa ya pande mbili. Mkipsigis na Mkisii kwa zamu moja, na tochi, filimbi na nambari za simu za wazee wa pande zote, wakiripoti kwa kituo. Bunduki ziachwe kwa wenye mshahara na kambi. Ng'ombe akivuka mpaka, anafuatwa na watu wanaojulikana pande zote, hakuna wa kushtuka na kupiga nduru ya vita. Sheria ya 2011 yenyewe imeweka kamati za polisi jamii ambapo wananchi na polisi wanakaa meza moja. Tunaweza kuanza hapo. Wazee wa kokwet walishindwa na kitu kimoja tu, ile ng'ambo ya mto. Sisi tuna simu. Hatuna kisingizio.

Na kwa serikali ya kitaifa na zile za kaunti: kama usalama wetu una thamani, uwekewe bajeti. Miaka zaidi ya 75 mmekuwa mkinunua ulinzi kwa bei ya bure, na bili imekuwa ikilipwa na familia za watu maskini.

Juzi jioni nilimpeleka binamu kwa gogo. Gogo akatupa chai, ile ya majani tuliyochuma wenyewe, akamuuliza swali lile lile aliloniuliza mimi. Binamu akacheka kidogo, akakuna kichwa. Baadaye akatoa simu, akatafuta nambari ya kijana mmoja wa Borabu wanayepiga naye boda steji moja pale Chepilat. Akampigia. "Sema buda," akamwambia, "huku kwetu ng'ombe zimepotea. Kwenu zimepita?"

Yule akajibu kwamba hata kwao wiki jana walipoteza mbili.

Wanakutana Jumapili saa nane, na wazee wawili kutoka kila upande. Bado hakuna aliyepewa bunduki. Gogo amesema atawapikia.

Wewe wa Sondu, wa Londiani, wa Ndanai, niambie: kwenu mnalinda aje, na nani analipa?